Kelele za Diski na Mbegu za Mzee Luhende

Nilipoanza kazi ya kompyuta pale Bariadi niliamini, kwa moyo wangu wote na maini yangu pia, kwamba ndani ya diski kuna sauti inayoita mafaili kwa majina. Unaandika BARUA, unabonyeza, unasikia krr, krr, krr. Hiyo krr, nilivyoelezwa, ni sauti inapita diski nzima ikiita: "Barua! We Barua! Uko wapi?" Na faili lenye jina hilo, hata likiwa limejificha kwenye pembe ya mwisho kabisa, linaitika na kuja mbio mpaka kwenye kioo.

Msicheke, vijana. Ninyi mmezaliwa mkakuta simu inafungua picha kabla kidole hakijanyanyuka. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwenye madarasa ya jioni, nikiwa tayari na mke, watoto na upara unaoanza, na ile ilikuwa kompyuta ya kwanza kuigusa. Aliyenieleza habari za ile sauti alikuwa Shigela, fundi umeme wa kiwanda chetu cha kuchambua pamba. Shigela alikuwa amekaa Dar es Salaam muda wa kutosha kujua majina ya vituo vya mabasi, na mtu wa namna hiyo kwetu wakati ule alihesabiwa pamoja na maprofesa.

"Ndiyo maana haitakiwi kelele," akaniambia. "Faili lisiposikia jina lake, litaitikaje?"

Basi mimi nikawa polisi wa kelele. Mtu akiingia ofisini na "Mwangaluka!" yake ya asubuhi, ile salamu yetu inayosikika mpaka ng'ambo ya mto, namnyooshea kidole: "Shii! Inaita!" Anabaki mlangoni na kofia mkononi kama amekuta msiba. Siku moja meneja alihitaji ripoti ndefu, na mimi nilijua ripoti ndefu ina usingizi mzito, nikamwomba asimamishe mashine zote za kuchambua pamba ili iamke. Akanitazama kwa muda ambao pamba ingeota, ikavunwa na kuuzwa. Mashine hazikusimama. Ripoti ikafunguka. Nikahitimisha kwamba ilikuwa na masikio mazuri.

Imani hiyo ilinipa kazi nyingine kubwa zaidi. Kama sauti inaita jina, mafaili mawili yenye jina moja yataitika pamoja, yatagongana njiani, na kompyuta itaungua. Kwa hiyo kila faili nililipa jina lake peke yake. Na kompyuta za wakati ule zilikuwa bahili: jina lisizidi herufi nane. Sasa jaribu wewe kwa vijiji vyetu hivi, nusu yake vinaanza na Mwa! Mwamanyili, folda ya mkuu wangu wa kazi, ikawa MWAMANYI, hiyo ikapita. Lakini barua nazo zilikuwa nyingi kuliko nzige. Nikaandika BARUA, BARUAA, BARUWA, majina yakaniishia, nikaingia kwenye ng'ombe wa baba yangu.

"Masunga, barua ya wakala wa magunia iko wapi?" meneja anauliza.

"Iko ndani ya Pembemoj, bosi."

"Ndani ya nini?"

"Pembemoja, ila herufi ziliisha. Yule jike mwekundu. Ile ya mafuta ya dizeli ndiyo iko kwa Kilema."

Na zilikuwa zinafunguka! Hapo ndipo penye hila ya uzushi, vijana: uzushi mzuri hufanya kazi siku nyingi kabla ya kukutupa. Kila faili langu nililihifadhi pale pale kompyuta inapowakia, uwanja wa mbele, mafaili yote pamoja kama ng'ombe wa boma moja. Nikitaja jina, linatokea. Ningewezaje kujua kwamba sikuwa sahihi?

Aliyejua alikuwepo. Kabula alikuwa ndiye mkuu wa chumba cha kompyuta, dada mwembamba wa Dutwa aliyejifunza kazi hiyo Mwanza, na mpaka leo sijaona mtu aliyeelewa mashine kama yeye. Alikuwa akiigusa kibodi kama mtu anayechagua mchele, haraka, bila kutazama, na punje mbovu haipiti. Alinisikia mara nyingi nikisema "inaita", na akacheka kila mara. Kumbe alidhani natania. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mcheshi: siku unaposema ujinga wako wa dhati, watu wanakupigia makofi.

Kabla sijafika kwenye mbegu, niwaambie kwa nini nazistaajabia mashine hizi mpaka leo nimestaafu. Nimefanya kazi na aina nyingi baada ya ile ya kwanza, mpaka seva za ofisi Bariadi ilipokuwa makao makuu ya mkoa, mashine zinazonguruma kama nyuki chumba kizima. Zote, nikizichungulia, nilikuta zinatafuta njia kwa adabu ile ile ya kwetu.

Fikiri unamtafuta Masanja wa Dutwa. Huwezi kusimama stendi ya Bariadi ukapiga kelele "Masanja!" Wataitika wanaume wengi kuliko kura za diwani. Unapanda basi mpaka Dutwa. Unamwuliza balozi wa nyumba kumi, na balozi hamjui Masanja, anamjua Maduhu mwenye boma. Unakwenda kwa Maduhu. Maduhu ndiye anayewajua waliomo bomani mwake, anakuonyesha Masanja yule pale anafunga jembe. Kila uliyemwuliza alikuwa na jibu la hatua moja tu mbele yake, na umefika.

Ile mistari ya mshazari mnayoiona kwenye njia ya faili ndiyo hatua zenyewe. Kompyuta inaanzia kwenye mzizi, mahali pekee inapopajua bila kuuliza. Pale inasoma orodha: hili jina, namba yake hii. Inakwenda kwenye namba hiyo, inakuta folda, nayo ni orodha nyingine ya majina na namba zake. Inatazama kama una ruhusa ya kupita. Huna, unarudishwa getini hata kama faili lenyewe ni lako. Una ruhusa, inasoma jina linalofuata, inakwenda kwenye namba yake, mpaka mwisho. Haya yote yanafanyika wakati wewe unapepesa jicho, na nasema kupepesa jicho kwa mtu mvivu. Kwa mtu wa kawaida jicho bado halijashuka.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba jina na kitu havikuunganishwa na gundi. Kwenye zile seva za baadaye faili moja laweza kuwa na majina mawili katika folda mbili, na namba moja. Nilipofundishwa hilo, vijana wa chuo waliokuwa darasani walikuna vichwa. Mimi nilielewa kabla mwalimu hajafunga mdomo, maana mjomba wangu nyumbani ni Ng'wandu na kanisani ni Yohana. Katekista akimfuta Yohana kwenye kitabu chake, Ng'wandu haanguki akafa. Yuko shambani anapalilia. Faili nalo, ukifuta jina moja, lile jingine linalishikilia. Na ukibadilisha jina la folda yenye mafaili elfu, hakuna faili linalosogea hata unywele. Limebadilika neno moja kwenye orodha moja. Nani aliyefikiria hivyo? Ningemjua ningempelekea ndama.

Tena zina kumbukumbu. Njia iliyopitwa sasa hivi haiulizwi upya hatua kwa hatua. Mashine inaikumbuka kama dereva wa bodaboda anavyokumbuka nyumba ya mteja aliyempa chai. Na kuna mafaili mengine ni vibao tu: unafika, unaambiwa mwenyewe amehamia Mwamanyili, nenda huko. Unakwenda. Vibao vikielekezana kwa duara, kule kinarudisha huku, huku kinarudisha kule, mashine inazunguka kidogo kisha inagoma. Inasema hapa nachezewa. Nimewahi kufanya kazi na wakuu wa idara waliozungushwa miaka bila kufikia hekima hiyo.

Sasa mbegu.

Soko huria la pamba lilikuwa limefunguliwa, na wanunuzi walikuja na mizani zao kama sisimizi walionusa sukari. Mkulima akafurahi, maana alizoea mnunuzi mmoja, tena wa kumsubiri. Lakini pamba ilianza kuchanganywa. Ya kijiji chenye ugonjwa wa mnyauko ililala lori moja na ya kijiji safi, ikachambuliwa pamoja, mbegu zikarudi mashambani pamoja. Msimu mmoja ukipita hivyo, unaona shamba limesimama kijani asubuhi na jioni limeinamisha kichwa.

Kiwanda chetu kilikuwa na bwana shamba, Mzee Luhende, mtu mrefu mwenye baiskeli inayolia kuliko diski. Aliamua kwamba hapana. Alizunguka na ile baiskeli, Dutwa mpaka Mwamanyili, akichagua mashamba yasiyo na ugonjwa, akasimamia pamba yake ichambuliwe peke yake, na mbegu akazirundika ghalani kwa marundo, katikati ya marundo mengine ya kiwanda. Kila rundo namba yake ya chaki ukutani. Rundo gani limetoka wapi, na mbegu zake zinaota vipi, alikuwa ameandika kwenye vipande vya karatasi, vingine maganda ya sigara. Kabula aliposafiri kwenda Mwanza kutafuta utepe wa printa, Mzee Luhende akanijia mimi.

"Masunga mwanangu, na mimi niingize humo."

Akasoma, nikapiga. Tulipomaliza, nikahifadhi: MBEGU. Mzee akafurahi kupita kiasi. Akakusanya vipande vyake vyote akampa mama wa karanga getini afungie karanga. "Sisi sasa ni watu wa kompyuta," akamwambia, akapewa na kifurushi kimoja cha bure.

Siku chache baadaye mawingu ya kwanza yakaanza kujikusanya, na malori ya kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba yakaingia uani. Meneja akamwita Mzee Luhende.

"Mzee, nionyeshe marundo ya kupanda. Yaliyobaki yanaondoka leo."

"Yamo kwa Masunga."

Nikawasha. Nikaandika MBEGU. Krr. Kioo kikajibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba faili halikuonekana.

Nikaandika tena, polepole, labda halikusikia. Halikuonekana. Nikafunga madirisha. Nikamtoa nje karani aliyekuwa na kikohozi. Nikamwomba meneja, kwa mara ya pili maishani, azime mashine, na safari hii alikuwa na wasiwasi kiasi kwamba aliinua mkono na kiwanda kizima kikanyamaza. Wapakiaji wakatoka nje kutazama. Ukimya ule, nawaambia, ungesikia kuku akiwaza. Krr. Halikuonekana.

Mzee Luhende akanisogeza kwa kiganja. "Wewe sauti yako hailijui. Haya ni maneno yangu." Akainama mpaka mdomo ukakaribia boksi, akaita kwa upole, kama anavyoita mtu ndama aliyebaki nyuma: "Mbegu. Mbegu wee. Njoo, baba."

Hakuna aliyecheka. Hata Shigela aliyekuwa mlangoni na bisibisi yake alivua kofia.

"Imeita diski nzima," akasema Shigela. "Halijaitika. Hilo limekufa, wazee. Poleni."

Nami nilikubaliana naye, ndilo linalonishangaza hata leo. Sikumwambia mzee tujaribu hivi au vile. Nilimshika mkono nikampa pole. Kama sauti imepita kila mahali na hakuna aliyeitika, kuna nini cha kutafuta?

Meneja hakuwa mtu mbaya. "Mzee Luhende," akasema, "mwaka jana tulitoa mbegu bila kujua kwao, ukaja na mnyauko mpaka mashamba ambayo hayakuwa nao. Mbegu isiyojulikana kwao siipeleki kwa mkulima. Inakamuliwa."

"Nitayatambua kwa macho."

"Mbegu za pamba? Kwa macho?"

 Mzee akatoka kwenda ghalani, akaketi juu ya rundo la kwanza kabisa, na wapakiaji wakaanza na la mwisho, kwa heshima, ili wamfikie baadaye.

Wakati huo basi la Mwanza lilikuwa limeshusha watu stendi, na Kabula akaja na utepe wa printa kwenye mfuko wa plastiki, vumbi mpaka kwenye kope. Akaona mashine zimezimwa, madirisha yamefungwa, na mimi nimekaa mikono mapajani.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

"Mbegu," nikasema.

"Mbegu nani?"

"Faili la Mzee Luhende. Nililihifadhi mwenyewe, dada. Limekufa. Malori yanapakia."

Hakukaa hata chini. "Siku unalihifadhi, kompyuta ilikuwa imesimama wapi?"

"Hapo hapo mezani."

"Masunga! Nakuuliza folda!"

"Ilikuwa wewe umeiacha inawaka. Nilikukuta unatoka kuwahi basi, nami sikuizima, nikaendelea tu."

Kabula akafumba macho kama mtu anayerudi nyumbani kwa mawazo, mlango kwa mlango. "Asubuhi ile nilikuwa naandika habari za Mwamanyili," akasema. "Nilikuwa nimeingia ndani ya folda yake. Sikutoka."

Akaegemea meza, akaandika njia nzima: mzizi, MWAMANYI, halafu MBEGU. Krr, fupi sana, nusu ya ile niliyoizoea. Kioo kikajaa. Rundo namba hii, Dutwa, safi. Rundo namba hii, Mwamanyili, safi, huota vizuri.

Nilitoka pale kwa mbio ambazo, naapa, kuku wa uani waliwaandikia wajukuu zao habari zake. "Simamisheni! Limefufuka!" Wapakiaji walikuwa wamefika rundo la karibu na mzee.  Mzee Luhende aliinuka, akapangusa suruali, akapanda mwenyewe kwenye lori na kuanza kushusha gunia, na mimi nikapanda, na meneja akavua koti. Kabula akafunga utepe mpya, printa ikalia kama jogoo, karatasi ikaja ghalani ikiwa bado ina joto. Tukasoma namba za chaki moja moja. Yasiyo safi yakarudi kwenye malori. Yaliyo safi yakabaki, na mvua zilipoanza, yalikwenda vijijini kwa wakulima waliojua yametoka mashamba gani.

Jioni ile Mzee Luhende alimletea Kabula karanga, akazitoa kwenye ile karatasi na kuikunjua kwanza aone kama ni yake. Mimi nilisubiri mpaka ameondoka, kisha nikavuta kiti.

"Dada Kabula, nielewe vizuri. Sisi tuliliita faili. Tukazima mpaka mashine za kiwanda. Lilikuwa hai, limo humo humo ndani ya diski. Kwa nini halikuitika?"

Akaanza kucheka, kisha akaniangalia usoni. Kicheko kikaisha.

"Masunga. Yale maneno ya kuita, siku zote ulikuwa unasema kweli?"

"Kweli tupu. Si kwamba inapita diski nzima inaita?"

"Haiiti," akasema. "Krr ni chuma kinachosogea kwenda kusoma, basi. Ukiipa jina tupu, inasoma orodha ya folda uliyosimama, hiyo moja, na haiendi kwingine mpaka umeipa njia. Nyinyi mlisimama uwanjani, pale inapowakia, mkauliza, na lenyewe limo ndani ya Mwamanyili, ikawajibu kwamba hapo uwanjani halipo. Haikuwaambia zaidi ya hapo."